Pamba Niliyoishindilia Ndani ya Spika

Wiki jana niliwaacha nimekaa uani kwetu, katika mji wa Konibodom, nimeshika kichwa kwa mikono miwili. Boksi langu la tatu la spika lilikuwa limeachia gundi mbele ya majirani, ubao wa nyuma umeanguka chini puu, na watu wanacheka hadi wanafuta machozi. Siwalaumu. Ningekuwa wao ningecheka zaidi.

Kwa anayekutana nami leo kwa mara ya kwanza: naitwa Sattor. Mwaka ule wa themanini na tatu nilikuwa na miaka ishirini na saba, kazi yangu kuonyesha filamu kwenye Nyumba ya Utamaduni. Ukumbi wetu ulipoletewa mitambo mipya, spika mbili kuukuu zilitupwa. Nikaziomba, nikapewa. Sumaku zake nzito kama mawe ya kusagia, koni zake nzima. Zilikosa nyumba tu. Na spika isiyo na boksi ni sawa na mwimbaji asiye na kifua.

Mdomo wangu ndio ulioniponza. Niliapa mbele ya mtaa mzima kwamba harusi ya mdogo wangu wa kike, Mavjuda, itapigwa muziki kwa spika za mkono wangu. Hakuna kukodi, hakuna kuazima. Nikaunda boksi la kwanza, likakohoa kama mbuzi. Nikaunda la pili, kubwa zaidi, likawa linajua sauti moja tu, "buu, buu", hata wimbo uwe upi. La tatu mmeshalisikia.

Zilikuwa zimebaki siku arobaini.

Ninayoyaeleza leo sijamwambia hata mke wangu. Akilisoma gazeti hili, na alisome.

Boksi la nne nililijenga kwa mbao nene za makreti ya aprikoti. Ndani nikaweka mataruma, kama ya mtumbwi, ili ubao usitetemeke. Tundu la hewa nikalipunguza kwa bomba la bati. Nikakaza skrubu thelathini na mbili, nikawasha.

Halikukohoa. Halikuanguka. Besi ilitoka nzito, safi. Lakini mwimbaji akawa kama mtu aliyetumbukia kwenye pipa na kuomba msaada.

"Kaka," Mavjuda akasema, amesimama mlangoni na unga mikononi. "Huyo mama anayeimba, wamemfungia wapi?"

"Ndani ya boksi."

"Mfungulie basi. Anateseka."

Nilijua ugonjwa. Sauti ya nyuma ya koni ilikuwa inagonga mbao na kurudi. Ilihitaji kitu laini cha kuimeza. Nikajaribu matambara. Hayakusaidia. Nikajaribu majani makavu, panya akahamia. Nikajaribu vumbi la mbao, likaingia kwenye koili, spika ikaanza kukwaruza, ikanichukua siku tatu kuisafisha kwa mswaki.

Siku ziliyeyuka. Zikabaki ishirini na tisa.

Sasa sikilizeni. Chumbani kwa Mama kulikuwa na mifarishi, yale mafunikio mazito ya pamba ambayo binti wa kwetu haolewi bila kuwa nayo. Ishirini na minne, imekunjwa na kupangwa juu ya sanduku hadi karibu na dari. Mama aliikusanya pamba ile tangu Mavjuda ana miaka saba, kilo hapa, kilo pale. Mashamba yametuzunguka pande zote, lakini pamba ni ya serikali, na mwaka ule wakaguzi walikuwa wakali kupita kiasi. Ukikutwa na gunia usiloweza kulieleza, unakwenda jela.

Jumatano moja mchana Mama alikwenda msibani. Nikaingia chumbani kwake.

Nilijiambia konzi moja tu. Nikachagua mfarishi wa chini kabisa, nikafumua pembe, nikaingiza waya niliokunja ncha kama ndoana, nikavuta. Pamba ikatoka nyeupe kama mvuke wa pilau.

Mlango ukalia. Mavjuda.

"Kaka? Wewe na mifarishi tangu lini?"

"Naangalia kama nondo wameingia."

"Wameingia?"

"Hapana. Ipo salama."

Akacheka. "Mungu akuweke. Wengine kaka zao hata siku ya harusi hawajui wanaolewa wapi."

Akaenda zake. Konzi ya pamba ilikuwa ndani ya shati langu, tumboni, inawasha.

Konzi ile niliibandika ukutani mwa boksi. Mwimbaji akatoka nusu ya pipa. Nusu tu! Ningeshindwa kabisa, pengine ningeacha. Lakini nusu ni shetani. Kesho yake nikachukua konzi nne. Keshokutwa nikaacha kuhesabu.

Kila mfarishi nikaupunguza kidogo ili isionekane, pembe nikazishona tena. Nikashindilia boksi lote hadi juu. Nikawasha, sauti ikafa. Besi imekufa, mwimbaji amekufa, kila kitu kimefunikwa na blanketi. Nikaitoa, ikawa imeganda na gundi, haifai tena. Nikaichoma kwenye tanuri la mkate. Siku ile Mama alisifu mkate kwamba umeiva vizuri.

Nikatoa nyingine. Nikajaribu kuipanga kwa tabaka, tabaka zikadondoka zikaziba tundu la hewa. Nikaichoma na hiyo.

Zikabaki siku kumi na nne, na mifarishi yote ishirini na minne ilikuwa imeshapitiwa na waya wangu.

Aliyeishona mifarishi ile ni Khola Robiya. Khola kwetu ni mama mdogo. Hakuwa ndugu yetu, lakini mtaa mzima tulimwita hivyo. Mjane, nyumba yake ipo mwisho wa kichochoro, hana mtoto, mikono yake ndiyo shamba lake. Alikuja siku hiyo kumaliza darizi ya mto wa bibi harusi, nami nikajisogeza na kikombe cha chai kama mtu mwema.

"Khola, hivi pamba inatiwaje ndani ikae bila kuganda?"

"Unataka kuniibia kazi, bwana sinema?"

"Nauliza tu."

Akafurahi. Kazi yake hakuna aliyekuwa akimwuliza. Akachukua fimbo zake mbili nyembamba, akamwaga konzi ya pamba kwenye mkeka, akaanza kuipiga, taratibu kwanza, halafu haraka, tap-tap-tap. Pamba ikaanza kuinuka. Konzi moja ikawa kichuguu.

"Umeona? Pamba ukiishindilia unaiua, mwanangu. Inataka ipigwe mpaka ishike hewa. Halafu unaitandaza nyembamba na kuishika kwa uzi hapa na hapa, isitembee. Kidogo iliyopigwa inashinda nyingi iliyoshindiliwa."

"Nipe hizo fimbo nijaribu."

"Chukua kabisa. Ninazo nyingine."

Akanipa. Alinipa na fimbo.

Boksi la tano lilikuwa lile la nne nililolifungua upya. Nikapiga pamba niliyobakiwa nayo jinsi alivyonionyesha, nikaitandaza ukutani pande tatu, nikaishika kwa uzi kwenye misumari midogo. Katikati nikaacha wazi. Bomba la hewa nikalirefusha kwa vidole viwili. Nikafunga, nikaweka ile kanda ya mwimbaji wa siku zote, nikawasha.

Kwanza, kabla hajaimba, nikamsikia akivuta pumzi.

Kanda ile nilikuwa nimeipiga mara mia. Sikuwahi kujua kwamba yule mama huvuta pumzi. Halafu dufu likaingia, na ngozi ya dufu ikawa ngozi kweli, unasikia kidole na unasikia kiganja.

Mavjuda alitoka jikoni akasimama katikati ya ua. Mama akaja nyuma yake. Wakasikiliza mpaka wimbo ukaisha.

"Wamemfungulia," Mavjuda akasema polepole.

Mama akanishika kichwa akanibusu kwenye paji. Nilikuwa sijabusiwa na Mama tangu utotoni. Nikafurahi, ndugu zangu. Hilo ndilo linalonitia aibu kuliko yote. Nilifurahi kwa moyo mweupe kabisa, kana kwamba sikuiba kitu.

Boksi la pili nikaliunda vilevile, pacha wa lile, na harusi ikafika.

Ua ulijaa. Sufuria mbili za pilau, meza za wanaume chini ya mzabibu, wanawake upande wa jikoni. Spika zangu nilizisimamisha kwenye ngazi za baraza ya nyumba, moja huku na moja kule, na katikati nikaweka maikrofoni ya mwimbaji tuliyemwalika. Alipoanza, wazee waliacha kula. Mpiga zumari mmoja maarufu alinifuata akaniuliza nimezinunua Tashkent au Moscow.

"Nimezitengeneza humu humu."

"Ndani umeweka nini?"

"Ufundi tu," nikasema.

Saa tisa hivi upande wa bwana harusi wakaja kuchukua vitu vya bibi harusi. Aliyewaongoza ni shangazi wa bwana harusi, Hojar, mwanamke mnene mwenye meno mawili ya dhahabu na macho ya karani wa ghala. Mwimbaji akashuka kupumzika. Mifarishi ikaanza kutolewa chumbani, wanawake wanapokezana juu ya vichwa, wanapiga vigelegele, wanapita mbele ya ngazi.

Hojar akasimama pale pale kwenye ngazi kuipokea. Akachukua mmoja. Akaupima mkononi. Akaubonyeza. Akaufungua.

Maikrofoni ilikuwa hatua moja kutoka mdomoni mwake. Na mimi, fundi mkubwa, sikuwa nimeizima.

"HUU NI MFARISHI AU NI SHUKA?"

Sauti ikatoka kwenye spika zangu ikaujaza ua. Ikaruka ukuta ikaenda kichochoroni. Safi. Hata pumzi aliyoivuta kabla ya kusema ilisikika.

Vigelegele vikakatika.

"LETENI MWINGINE. NA HUU? NA HUU HAPA? MWANA WETU AKIFA KWA BARIDI MTATUPA MWINGINE?"

Mkono wangu ulikuwa juu ya swichi. Naapa ulikuwa juu ya swichi, lakini haukushuka. Mavjuda alikuwa ndani ya pazia lake, amefunikwa uso kama desturi. Niliona pazia linatetemeka.

Mama akaja mbio na kitambaa kimemdondoka mabegani. "Dada yangu, jamani, si mahali pake hapa."

"Mahali pake ni wapi? Umetuambia kilo tatu tatu. Hizi hata mbili hazifiki!"

Mama akageuka, akautazama umati. Halafu akasema, na spika zangu zikayachukua maneno yake vilevile zilivyoyachukua ya Hojar:

"Mimi pamba nilimkabidhi Robiya kwa mkono wangu, nikaipima mbele yake. Muulizeni Robiya."

Hapo ndipo nilipoizima.

Khola Robiya alikuwa kwenye masufuria, anakata karoti. Akaja na kisu bado mkononi, akakitazama, akampa mtu. Hakuelewa. Walipomweleza alicheka kidogo, akidhani ni utani wa harusi. Halafu akaona nyuso.

"Mimi?" akasema. "Mimi, Oyniso?" Hilo ni jina la Mama.

Mama alitazama chini.

Khola Robiya akachukua mkate mzima mezani, akaugusisha kwenye macho yake, kulia, kushoto. Kwetu mtu akiapa kwa mkate hakuna kiapo kingine juu yake. "Kama nimetoa hata uzi mmoja, mkate huu unipofushe."

"Wezi wote wanaapa," Hojar akasema.

Khola Robiya akasimama pale ameshika mkate. Alizungusha macho kwa kila mmoja wetu, na alipofika kwangu alikawia. Fimbo zake mbili zilikuwa zimeegemea ukutani nyuma yangu, mahali nilipozisahau. Aliziona? Sijui. Mpaka leo sijui. Aliweka mkate mezani, uso wa mkate juu, maana kwetu mkate haulazwi kifudifudi, hata katika hali ile, akatoka langoni.

Mpiga zumari akaninong'oneza, "Weka wimbo, kijana. Weka wimbo haraka."

Nikaweka wimbo.

Mavjuda aliondoka kwa mume wake na mifarishi ile ile, kwa kuwa harusi ilikuwa imeshakula pilau na haikurudi nyuma. Lakini jina lilimtangulia. Kwa wakwe wakamwita Bibi Shuka. Wiki ya tatu alikuja kutusalimu, mikono imepasuka kwa baridi ya maji.

"Wananitendea vizuri tu," alisema.

"Kweli?"

"Shangazi Hojar usiku huniletea blanketi lake la jeshi. Analileta mbele ya wageni." Akanywa chai. "Kaka, Khola Robiya angeweza kweli? Alinidarizia mto bure. Bure kabisa."

Nikasema watu hawajulikani.

Nilisema hivyo kwa mdomo huu huu.

Wakati huo Khola Robiya alikuwa hapati tena kazi. Wenye mifarishi iliyoshonwa nusu waliifuata wakaichukua na sindano zikiwa bado ndani. Nilikutana naye kwenye foleni ya mafuta ya taa. Watu walikuwa wameacha nafasi mbele yake na nyuma yake, kama kwa mgonjwa. Akanisalimia yeye kwanza.

"Hujambo, mwanangu. Spika zinaimba?"

"Zinaimba, Khola."

"Alhamdulillah. Watu wanazisifu sana."

Hakukuwa na kejeli. Ningeiona ningefurahi, ningesema amenishambulia, nami ningekasirika nikapata nafuu. Nikarudi nyumbani bila mafuta ya taa.

Na kazi zilikuwa zinamiminika kwangu! Kila wiki mtu anataka spika kama zile. Mkurugenzi wa Nyumba ya Utamaduni alinipa mkono mbele ya wafanyakazi. Niliwaambia wote kwamba mbao hazipatikani.

Siku moja mchana, Novemba, sikuweza tena. Mama alikuwa ametandaza kitambaa cha chakula, supu ya tambi mbele yetu.

"Mama, kuna jambo."

"Kula kwanza."

"Ni kuhusu pamba."

Hakuinua macho. "Pamba ipi?"

"Mama, ile pamba niliitoa..."

"Najua."

Kijiko changu kikabaki hewani.

"Unajua nini?"

"Robiya anashona mishono midogo kama ufuta," akasema, anamega mkate. "Pembe zile zilikuwa na mishono mikubwa kama ya gunia. Humu ndani nani anashona kama anafunga gunia?"

"Ulijua lini?"

"Wiki moja kabla ya harusi."

Nikakiweka kijiko chini. "Na bado ukamtaja yeye? Mbele ya watu wote?"

"Nimtaje nani? Niseme kaka wa bibi harusi ni mwizi? Wangemchukua Mavjuda? Wangemwacha pale pale na pazia kichwani, na nani angemwoa tena? Nikawa na dakika moja ya kufikiri, Sattor. Robiya hana binti wa kuozesha. Hana cha kupoteza."

"Ana jina lake, Mama."

Alinipiga kofi. Mimi, mwanamume wa miaka ishirini na saba. Kofi la mkono wenye makombo ya mkate.

"Na wewe ulikuwa wapi na jina lake siku ile? Mimi nilisema maneno kumi na mawili. Wewe ulisimama nyuma ya maboksi yako ukaweka wimbo! Usinifundishe mimi!"

Kisha akalia. Nikataka kumshika, akanisukuma.

"Ukisema sasa, humwagi siri yako. Unanimwaga mimi. Watasema Oyniso alijua, akamwangamiza mjane kwa makusudi. Ndipo Hojar atakapopata cha kumfanyia mdogo wako. Nimekulea bila baba. Nikuombe kitu gani kingine? Nyamaza."

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Nilikuwa naijua methali hiyo tangu shule. Sikujua kwamba mwana mwenyewe anaweza kuwa na ndevu.

Nilinyamaza siku nne.

Siku ya tano asubuhi nilichukua bisibisi. Skrubu thelathini na mbili boksi la kulia, thelathini na mbili la kushoto. Nikaivua pamba ukutani, uzi mmoja mmoja, nikaitia guniani. Haikufika hata robo ya ile niliyoiba, maana nyingine ilikuwa imeshakuwa majivu. Lakini ndiyo iliyokuwepo. Nikafunga tena maboksi matupu, sijui kwa nini. Mazoea.

Mpango wangu ulikuwa huu: nitakwenda kwa Khola Robiya, nitaliweka gunia mlangoni kwake, nitasema, "Khola, mwizi ni mimi." Halafu tutakwenda pamoja kwa mzee wa mtaa. Mama sitamtaja. Nitasema alidanganyika kama wengine. Njia nzima nilikuwa nayarudia maneno yale, midomo inacheza kama mwendawazimu.

Nikakunja kona.

Mbele ya lango la Khola Robiya kulikuwa na pikipiki ya polisi, ile yenye kitoroli ubavuni. Majirani wamejipanga ukutani. Sajenti Qodir, ninayemjua tangu utoto, alikuwa amesimama na mgeni wa kofia ya manyoya na mkoba. Chini kulikuwa na mizani, na juu ya mizani vifurushi viwili vitatu vya pamba, masalio ya wateja, kama aliyonayo kila mshona mifarishi duniani.

Maneno ya harusi yalikuwa yamefika kwa wakaguzi.

Khola Robiya alikuwa amekaa kwenye kizingiti, amevaa koti la safari na viatu vya kutokea. Walikuwa wamemwambia avae.

Nilirudi hatua moja nyuma. Moja. Lakini gunia jeupe mgongoni halifichiki.

"Hee, bwana sinema!" Sajenti akaita. "Njoo. Umebeba nini?"

Watu wote wakageuka.

"Pamba," nikasema.

Mkaguzi akaacha kuandika. "Pamba ya nani?"

Wasomaji wangu, maneno nilikuwa nayo. Pamba niliyoiba mimi, namrudishia Khola Robiya. Yalikuwa yamejipanga mdomoni. Sijui nini kilitokea njiani. Yaliyotoka ni yale ya mwisho.

"Ya Khola Robiya."

Kichochoro kikavuma. Mkaguzi akatabasamu kama mtu aliyepata ufunguo alioutafuta siku nzima. "Umesikia, Sajenti? Mtu mzima, mfanyakazi wa serikali, na kaka wa bibi harusi. Anasema mwenyewe. Kumbe mama huyu alikuwa anaisambaza nje."

"Hapana," nikasema. "Sina maana hiyo."

"Una maana gani?"

Nafasi ndiyo ile. Akaniachia kimya kizima nikijaze. Nikainua macho, na mwisho wa kichochoro nikamwona Mama. Alikuwa amenifuata bila kitambaa kichwani, na kandambili za jikoni. Hakuniita. Alikuwa ameweka kiganja juu ya mdomo wake.

Sikusema kitu.

Mkaguzi akaniondolea gunia begani, akalisimamisha, akaweka karatasi juu yake kama juu ya meza. Akaandika haraka. Akageuza karatasi upande wangu, akanipa kalamu.

"Sahihi yako hapa. Chini ya jina."

Ndipo Khola Robiya aliposema kutoka kizingitini, kwa sauti ile ile aliyonifundishia kupiga pamba.

"Soma kwanza, mwanangu. Mtu hatii sahihi jambo asilolisoma."

Nikasoma. Ilikuwa mistari miwili tu. Ilisema pamba ile imetoka kwa Robiya, na mimi ni shahidi wa jambo hilo.

"Umemaliza?" mkaguzi akauliza, anatazama saa. Nami kalamu tayari ilikuwa imegusa karatasi.